Akili za Kikubwa, Mzigo wa Kikubwa

Katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, mchuuzi anaweza kumwachia binti wa miaka kumi magunia ya dagaa akaenda kunywa chai bila wasiwasi. Binti anapima kwa sado, anarudisha chenji bila kuandika popote, tena anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa wataadimika na bei itapanda. Wakubwa humsifu kuwa ana akili za kikubwa. Kisha humwongezea kazi.

Wapo wanaotetea hali hiyo wakisema kazi humkomaza mtoto. Wana hoja. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu alipoona mchanganyiko wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishania matokeo yale. Lakini Mpemba alikuwa bado yuko shuleni, mahali ambapo swali lake lingeweza kukutana na mtu wa kulipima. Binti wa mwaloni hukosa darasa kila giza linaporudi na dagaa kuwa wengi.

Mwanza tunajua kusaka vipaji tukitaka. Kituo cha Alliance kimelea watoto kwa masomo na mpira, na timu yake ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2018/2019. Kocha husimama kando ya uwanja akamtazama mtoto anavyocheza. Kwenye hesabu tunangoja karatasi: shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe huchukua watoto kwa alama za mtihani wa darasa la saba. Mtihani huo haubagui mtoto wa tajiri na wa maskini, na nisingependa ufutwe. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekosa vipindi huufikia akiwa ameshaachwa nyuma, hata kama kichwani ni hodari kuliko wote.

Halmashauri za Ilemela na Jiji la Mwanza ziwatume walimu wa hesabu mialoni wawatazame watoto hawa wakiwa kazini, wayaandike majina yao, kisha wakae na wazazi kupanga masomo ya fidia. Waanze na darasa la nne, kabla mtoto hajazoea kukosa shule.