Kiswahili si Lugha ya Kigeni Sebuleni Mwetu

Mwezi uliopita, nyumbani kwetu hapa Uingereza, tuliketi watu wa vizazi vitatu kutazama filamu iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika majumba ya sinema na kuingia mtandaoni kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani. Katikati ya hadithi, mwanamke mmoja alimgeukia mwenziwe akamwambia, kwa Kiswahili kisicho na doa, kwamba mlango umefungwa na ufunguo anao baba. Chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza yenye maana hii: anazungumza lugha ya kigeni. Mama yangu, ambaye hasomi Kiingereza, alikuwa amekwisha kuelewa kila neno. Mwanangu, ambaye Kiingereza ndicho alichosomea, aliuliza, "Bibi, wamesema nini?" Katika chumba kile, mgeni alikuwa mmoja tu, naye ni yule aliyeyaandika maandishi hayo.

Kisa ni kidogo, ila hoja yake si ndogo. Nashikilia kwamba filamu yoyote inayosema Kiswahili, itolewapo kwa kutazamwa nyumbani, haina budi kuwa na manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi yapitayo chini ya picha yakifuata maneno ya wasemaji. Na wa kwanza kudaiwa si makampuni ya kigeni. Ni sisi wenyewe, tunaotengeneza filamu za Kiswahili na kuzipeleka ulimwenguni zikiwa na manukuu ya lugha za wenzetu, bila ya lugha yetu.

Wapo watakaocheka: filamu ya Kiswahili iandikiwe Kiswahili cha nini, na mwenye masikio anasikia? Jibu la kwanza ni kwamba si kila Mswahili ana masikio. Viziwi wetu wamo, nao hukaa katika sebule hizi hizi. Jibu la pili ni kwamba Kiswahili ni kipana kuliko masikio ya mtu mmoja. Mzee wa Maskati aliyelelewa kwa Kiunguja, akiitazama "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, atakutana na Sheng ambayo hakuna aliyemfundisha. Mtazamaji wa Tanga akiitazama "Augure" ya Baloji, iliyotoka mwaka 2023, atakisikia Kiswahili cha Kongo kikipishana na Kifaransa na Kilingala. Wote hawa tunawaambia wapitie kwa Mwingereza au kwa Mfaransa ili waelewane na ndugu zao. Je, hilo halituaibishi?

Jibu la tatu linawahusu watoto wetu wa ughaibuni. Wengi wao husikia Kiswahili wasikisome. Hulijua neno kwa sauti ya bibi, wala hawajapata kuliona limeandikwa. Filamu yenye manukuu ya Kiswahili ingewaunganishia sauti na herufi kwa saa mbili mfululizo, tena kwa hiari yao, jambo ambalo madarasa yetu ya mwishoni mwa wiki hulihangaikia mwaka mzima.

Isitoshe, hayo manukuu ya Kiingereza tunayoyategemea mara nyingi huiharibu hadithi. Msomaji na ajionee mwenyewe. Kijana asemapo "shikamoo" na mzee akajibu "marahaba", maandishi huwapa wote wawili salamu moja ya rika moja. Umri, adabu na pengine ugomvi mzima uliofichika katika shikamoo iliyochelewa hutoweka. Jirani aingiapo nyumba ya msiba na kusema "poleni", huandikiwa neno ambalo kwa Kiingereza ni la kuomba radhi pia, na mtazamaji asiyetujua hubaki akijiuliza amekosa nini. Zito zaidi ni kiambishi chetu "a-". Mtu akisema "anakuja usiku", Kiswahili hakitaji kama ajaye ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa filamu anaweza kuijengea siri yake juu ya herufi hiyo moja. Kiingereza kinalazimika kuchagua, na kikichagua kimeitoboa siri kabla mwenye hadithi hajaamua kuitoa.

Hata majina ya filamu hayasalimiki. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu aliyoitengeneza kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, "Vuta N'kuvute", nayo nchi za nje ikajulikana kwa jina la "Tug of War". Naiheshimu filamu hiyo, wala simlaumu aliyetafsiri, kwani sidhani kuwa palikuwa na neno bora zaidi. Lakini jina la Kiswahili lina watu wawili ndani yake: vuta wewe, nami nikuvute. Jina la Kiingereza lina mchezo na kamba. Hadithi ya Yasmin, anayemkimbia mume aliyemzidi umri na kumpenda Denge, mpinzani wa utawala wa Waingereza katika Unguja ya miaka ya 1950, ni hadithi ya hao wawili wa "wewe" na "mimi".

Nasikia hoja ya soko: Waswahili si wateja wa kutosha. Hoja hiyo ina usahaulifu ndani yake. Kabla ya intaneti, vibanda vya video vya Dar es Salaam vilijaa watu waliokwenda kumsikiliza Lufufu akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kanda zenye sauti yake zikaingia majumbani. Kenya nayo ina DJ Afro. Watu walitoa fedha zao, tena wengi wao wakiwa maskini, ili wasikie filamu kwa lugha yao. Soko hilo halikungoja utafiti wa mtu.

Wala gharama si kisingizio. Filamu ya Kiswahili huwa na mswada wa Kiswahili kabla ya kuwa na picha. Maneno yapo, yameandikwa na mwenye hadithi mwenyewe. Inabaki kuyalinganisha na yaliyosemwa hasa mbele ya kamera na kuyapanga kwa wakati wake. Tafsiri ya Kiingereza ndiyo kazi ngumu na ya gharama zaidi, nayo hatuikosi kamwe.

Basi nawarudia wenzangu wa taaluma. Tangu UNESCO ilipoitangaza 7 Julai, mnamo Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hatuchoki kutaja wasemaji zaidi ya milioni 200. Tunahesabu maneno ya mkopo katika riwaya na kugombania mizani katika mashairi. Manukuu, ambayo huenda ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi katika nyumba za watoto wetu, hatujayaona kuwa ni fasihi wala tafsiri inayostahili uhakiki. Anayehakiki filamu ya Kiswahili na asiseme neno juu ya manukuu yake amehakiki nusu.

Mtengenezaji wa filamu ayaweke manukuu ya Kiswahili katika mkataba kabla ya kutia saini. Mhakiki ayasome na ayataje kwa ubaya au kwa uzuri wake. Mtazamaji anayelipa ada yake kila mwezi ayadai kwa barua, tena barua ya Kiswahili. Wakijibu kwamba hawaielewi, tutakuwa tumewaonyesha adha tunayoipata sisi kila jioni.