Saa ya Mahakama na Siku ya Mponda Mawe

Kuna mahubiri nimechoka kuyasikia: kwamba Mkristo aliyeitwa mahakamani saa tatu asubuhi, akasikilizwa saa tisa alasiri au akarudishwa nyumbani bila kusikilizwa, anyamaze, kwa kuwa mamlaka yametoka kwa Mungu. Warumi 13 inamwita mtawala mtumishi wa Mungu, na mtumishi ana saa ya kazi.

Sibishi kwamba mahakama ina mamlaka ya kupanga saa zake za kuketi. Bila hivyo kila mdaawa angekuja na saa yake. Hakimu naye huugua, na mashauri ni mengi. Lakini, wapendwa, tazameni mzigo unavyoelemea upande mmoja. Katika Mahakama ya Mwanzo, mdai asipokuwepo shauri lake linapoitwa, laweza kufutwa. Mdaiwa asipokuwepo, laweza kusikilizwa upande mmoja. Hakimu asipokuwepo, linaahirishwa tu.

Mama anayeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu, akidai ujira wake, hulipa bodaboda na kupoteza kazi ya siku nzima. Akiahirishiwa mara nne, nauli imekula deni lenyewe. Mkulima wa Kishapu hali kadhalika, mvua ya kwanza ikinyesha na ng'ombe wa kulimia wamesimama. Mwenye fedha anaweza kungoja mwaka. Hata pasipo rushwa, ameshashinda.

Katiba yetu, ibara ya 13, inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ibara ya 107A inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Utasikilizwaje kwa ukamilifu kama hujui utaitwa lini?

Someni Matendo 24. Feliki aliahirisha shauri la Paulo kwa madai ya kumsubiri jemadari Lisia. Ikapita miaka miwili, Paulo yumo kifungoni, na Luka hafichi kwamba liwali alitazamia fedha. Akaja Festo. Hakuwa mtakatifu, alitaka kuwapendeza wakubwa wa Wayahudi, lakini washitaki walipofika Kaisaria aliketi kesho yake. Kiti kilikuwa kile kile. Na Yethro alipomkosoa Musa kwa kuwasimamisha watu tangu asubuhi hadi jioni, hakuna aliyemwita mwasi.

Tunachodai ni kidogo. Orodha ya mashauri ibandikwe mlangoni ikiwa na saa, na hakimu akipata udhuru, karani awatangazie watu asubuhi ile ile. Wazee wa kanisa wakimtembelea mama mwenye kesi, wamsaidie kuandika barua ya kuomba hayo kabla ya kumwambia avumilie.