Onja, Lakini kwa Ulimi Wako

Tuseme ukweli bana: eli ya Kimarekani ni bia tamu. Msiniambie nina wivu eti kwa sababu niliacha chuo na sina pesa ya kunywa Westlands kila Ijumaa. Mimina Sierra Nevada Pale Ale kwenye glasi, iache itulie, unuse kabla ya kunywa. Balungi linakuja kwanza, halafu msonobari, kama mbao mpya kwa fundi. Ukimeza, utamu wa kimea unapita haraka na uchungu unabaki nyuma ya ulimi, uchungu msafi, si ule wa dawa. Na usiinywe ikiwa barafu tupu, baridi kali inaua harufu. Wale wazee wanaoulizwa "baridi ama moto?" wakajibu "moto" tumewacheka bure.

Ninachopinga ni hawa watu wetu wanaoionja wakiwa wamepiga magoti.

Eli yenyewe Wamarekani waliirithi kutoka Uingereza. Mwaka 1972 watafiti wa serikali yao huko Oregon wakatoa aina mpya ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, wakaiita Cascade, jina la milima ya kwao. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia nyumbani bila kulipa ushuru. Mwaka 1980 Ken Grossman, kijana aliyeanza kwa kupika nyumbani, akawasha moto mjini Chico, California, kwa mitambo mikuukuu aliyookota kwenye viwanda vya maziwa. Akaimwagia bia yake Cascade bila huruma. Hakuomba London ruhusa.

Sisi tumeiga glasi, tukaacha tendo.

Chukua busaa. Unga wa mahindi unachachushwa, unakaangwa juu ya moto mpaka unukie, kisha unatiwa kimea cha wimbi na kuachwa uchachuke tena. Huo si ufundi? Mama anayejua kwa kunusa tu kwamba chungu kimeiva anamwagiwa kazi yake mtaroni na askari. Kijana mwenye ndevu na tangi la chuma anaitwa msanii. Najua, sheria ya 2010 inadai leseni. Carter naye alikuwa na sheria; ilibadilishwa, watu wakapika bia jikoni kwao bila kujificha.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini huyu wetu nani amewahi kumsifu? Tumemkamata tu.

Juzi baa moja ilinipa kazi ya kuandika menyu ya bia zake. Nikaandika: harufu ya balungi na ganda la chungwa, mwisho mkavu. Meneja akanirudishia. "Boss, hii iandike Kizungu. Hii si pombe ya kijijini." Yaani balungi lilelile linalouzwa sokoni, likitajwa kwa Kiswahili, linashusha bei ya glasi! Nikamuuliza mnazi wa asubuhi una ladha gani na wa jioni una ladha gani. Hakujua, na alikuwa amekulia Kilifi.

Malipo yangu bado sijayaona. Menyu yake imeshachapishwa, na pale nilipoandika balungi pameandikwa jina la tunda ambalo nusu ya wateja wake hawajawahi kulimenya.