Nani Amemuuliza Kama Amechoka?

Kwenye mchanga wa Kilwa Masoko, kijana asiyejua chenga ndiye huwekwa golini. Nikiwatazama namkumbuka Juma Kaseja. Mwaka 2003 alidaka Simba ilipoitoa Zamalek kule Cairo kwa penalti. Miaka ikapita, akadakia Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Wengi (nami nimo) tukasema amekwisha. Mwaka 2019 Taifa Stars ikamwita tena. Kenya ikatolewa kwa penalti kwao Kasarani, Kaseja golini.

Mpendwa, soma habari za Ana katika Luka 2, mjane wa miaka 84 asiyebanduka hekaluni. Hakuna aliyemstaafisha. Sisi mzee wetu wa kengele tumempumzisha bila kumuuliza. Jumapili iliyopita alifika saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida yake.