Mortgage: rehani iliyokufa



Hapa Johannesburg mtu akikwambia amepata bondi, usidhani ameacha simu bondi kwa Mangi kama tunavyosema Dar. Anamaanisha mkopo wa nyumba. Waingereza wenyewe wanauita mortgage, neno walilolipata kwa watawala wao Wanormani baada ya kuvamiwa mwaka 1066. Kwa Kifaransa cha zamani mort ni kufa, gage ni rehani. Rehani iliyokufa! Jaji Edward Coke alilifafanua mwaka 1628: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Maelezo ya karne ya 12 yanauma zaidi: rehani iliitwa mfu kwa sababu mkopeshaji alikula mazao ya shamba na deni likabaki palepale.

Rehani yetu sisi ilitoka kwa Waarabu na haina kifo ndani yake. Labda ndiyo maana tunaitamka kirahisi hivi.

Nasema haya kwa sababu dada yangu wa Mbagala anataka nikubali nyumba ya marehemu baba iwekwe rehani benki, apate mtaji wa duka. Wenzangu hapa wananicheka: mbona wewe mwenyewe una bondi? Jamani, si kitu kimoja. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba, iliyoko hapahapa Braamfontein, iliamua kesi ya Bi. Gundwana, aliyekopa randi 25,000 mwaka 1995 anunue nyumba. Ilisema msajili wa mahakama hana mamlaka ya kuamuru nyumba anayoishi mtu iuzwe. Lazima jaji atazame kwanza hali ya mdaiwa.

Kwetu Tanzania, benki ikishatoa notisi ya siku 60 na mdaiwa asilipe, inaweza kuuza bila hukumu ya mahakama. Ukitaka kupinga, wewe ndiye unayetafuta wakili, na hela ya wakili ungekuwa nayo ungelipa deni. Bunge lilipopitisha sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 lilifikiria zaidi usalama wa benki. Sipingi mikopo. Nataka kifungu kimoja tu: nyumba ya kuishi isipigwe mnada kabla hakimu hajamsikiliza anayelala ndani yake.

Dada nimemwambia asubiri. Nikija Desemba tutausoma huo mkataba pamoja, ukurasa kwa ukurasa, mama akiwepo.