Mama Aliyegeuka Mlangoni

Mama anapompeleka mtoto mtundu kwa mkubwa wa ukoo ili aonywe, maneno huanza na mtoto na hukoma kwa mtoto. Ni wachache kati yetu watakaomgeukia mama na kumuuliza, "Na wewe, mwanangu, u hali gani?" Tumeliwaza hilo baada ya kusoma kisa alichokisimulia mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Kuanzia 1928, Rogers aliwahudumia watoto na wazazi wao mjini Rochester, jimbo la New York, kwa muda wa miaka 12 hivi. Alimjia mama mmoja mwenye akili nyingi, na mwana aliyekuwa mkorofi mno. Kwa elimu yake, Rogers aliona chanzo upesi: mama alikuwa amemkataa mwanawe tangu udogoni. Kikao baada ya kikao alijitahidi kumwonyesha, lakini mama hakuliona. Mwishowe wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakapeana mikono ya kuagana.

Alipofika mlangoni, mama aligeuka akauliza kama watu wazima nao hupokewa hapo. Akarudi kwenye kiti alichokiacha, akayamwaga ya moyoni: ndoa iliyomwelemea, mume wasiyeelewana, nafsi iliyojiona imeshindwa na kuchanganyikiwa. Hayakufanana kabisa na maelezo makavu aliyoyatoa mwanzo. Msaada wa kweli ulianzia hapo, ukamfaa yeye na mwanawe.

Rogers alijifunza kuwa mwenye maumivu ndiye ajuaye panapomuuma. Zama hizo wafuasi wa Freud walitafuta matamanio yaliyofichika ndani ya mtu, na wengine walishughulika na tabia tu, namna inavyojengwa kwa thawabu na adhabu. Rogers, Abraham Maslow na wenzao wakafungua njia ya tatu, mkabala wa kibinadamu, unaoamini kwamba mtu ana uwezo wa kukua akipata mazingira ya kumfaa. Hata neno "mgonjwa" Rogers aliliacha, akasema "mteja".

Alimtaka mshauri awe mkweli wa nafsi, ayaone mambo kwa jicho la anayeshauriwa, na amthamini bila masharti. Hili la mwisho ndilo hutushinda sisi wazazi. Binti akifeli mtihani, twamnyima tabasamu wiki nzima, kisha twashangaa kwamba hatuambii lolote. Kumthamini mtu si kuridhia kila alitendalo. Kosa laweza kuitwa kosa, na mwenye kosa akabaki mwana wa nyumba, akala sahani moja na nduguze.

Hatudai kwamba kusikiliza kwatosha kila mahali. Anayepigwa nyumbani ahitaji kwanza pa kukimbilia, na aliyezidiwa na maradhi ya akili ahitaji daktari. Wala mtoto mdogo hangoji ushauri ndipo aondolewe karibu na moto.

Rogers mwenyewe alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya Wakristo wacha Mungu na wachapa kazi, isiyojua pombe, dansi wala karata. Alikumbuka kuwa hata soda yake ya kwanza aliinywa akihisi kama anatenda dhambi. Wazazi hao walimpenda, na yeye hakulitilia shaka pendo lao. Hata hivyo, alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba yaliyokuwa moyoni mwake hakupata kuwaambia, kwa kuwa alijua yangepimwa na kuonekana yamepungua.