Mwachieni Mwanagenzi Kibodi

Walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliojiunga mwaka huu na klabu ya roboti, nina ombi kwenu.

Timu nyingi zinazojiandaa kwa mashindano huwa na mtoto mmoja anayejua kuprogramu, na wenzake wanaomtazama. Huyo mmoja hukalia kompyuta tangu siku ya kwanza hadi siku ya mashindano. Mgeni hushikishwa waya, hupangishwa vipande vya plastiki, hutumwa kubeba roboti kuipeleka mezani. Msimu ukiisha, mjuzi amezidi kujua na mgeni yuko palepale. Mjuzi akimaliza shule, timu inaanza upya. Mtindo huu tuuache.

Kazi yenyewe haina cha kumtisha mtoto. Chukua mashindano ya FIRST LEGO League, kwa wale wa miaka 9 hadi 16. Roboti ndogo hupewa dakika mbili na nusu juu ya meza, na haiongozwi kwa rimoti: inafuata programu iliyoandikiwa. Anayeanza huiandika kwa kuburuta na kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini. Akishakomaa huhamia Python.

Mpe kazi moja tu: roboti iende mita moja, isimame. Ataandika, washa mota kwa sekunde tatu. Leo itafika. Kesho, chaji ya betri ikiwa imepungua, itaishia njiani, naye atakuna kichwa. Msimwokoe haraka, kwani somo ndio kwanza limeanza. Mpeni rula apime gurudumu. Lenye kipenyo cha sentimita 5.6 likizunguka mara moja husogea kama sentimita 17.6, yaani kipenyo mara pai, kwa hiyo mita moja inahitaji mizunguko 5.7 hivi. Ndani ya mota kuna kihesabu cha mizunguko; basi aache kuhesabu sekunde, ahesabu mizunguko. Mtoto aliyekuwa akiuliza pai itamfaa nini ameshaitumia kwa mkono wake.

Baada ya hapo, afuate mstari mweusi. Kihisi cha rangi hutazama chini na kupima mwanga unaorudi: weupe hurudisha mwingi, weusi kidogo. Roboti huwekwa ukingoni mwa mstari, si katikati. Ikiona weupe ipinde upande wa mstari, ikiona weusi ipinde nje. Anayeshika namba za mwanga alizopima darasani kwake atashangaa kwenye ukumbi wa mashindano, maana taa za pale ni nyingine na vipimo vinahama. Apime upya palepale, kabla ya mchezo. Mambo ya namna hii hayaingii kichwani kwa kuchungulia begani kwa mwenzako.

Tena majaji wa FIRST LEGO League hukaa na watoto na kuwataka waeleze roboti yao ilivyoundwa na programu yake inavyofanya kazi. Mchezo wa mezani ni sehemu moja tu kati ya nne zinazopimwa. Programu iliyoandikwa na mwalimu usiku, watoto hawawezi kuitetea, na kuwaweka mbele ya majaji katika hali hiyo ni kuwaonea.

Najua vifaa ni ghali. Seti moja inatosha watoto kadhaa ikiwa wanapokezana: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kuuliza kwa nini, na kila robo saa wanabadilishana. Shule isiyo na seti ianze na Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT mwaka 2007, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kumfanya paka wa kwenye skrini achore mraba kwa kurudia amri mara nne ni fikra ileile itakayotumika kwenye roboti.

Tangu 2017, mashindano ya FIRST Global huita timu moja kutoka kila nchi, vijana wa miaka 14 hadi 18, na Kenya na Tanzania zimewahi kupeleka zao. Timu kama hizo haziokotwi barabarani. Hutoka kwenye klabu ambazo mtu fulani alikubali kumsubiri mwanafunzi asiyejua.

Basi wewe uliye mjuzi, mwelekeze mwenzako kwa mdomo, mikono yako iwe mbali na kibodi. Mzazi, usimwite binti yako nyumbani kuosha vyombo wakati kaka yake amebaki klabuni. Mwalimu mkuu, fungua chumba cha kompyuta Jumamosi. Mashine zilizofunikwa vitambaa hazimfundishi mtu. Nanyi wahandisi, mafundi na wanafunzi wa vyuo mnaoishi jirani na shule, saa moja kwa wiki inatosha. Nendeni wiki hii, jitambulisheni kwa mwalimu mkuu, ombeni mpangiwe siku.